Irembo la Mwisho

Gari jeupe lilikuwa limesimama tena mbele ya nyumba yao asubuhi ile ya Jumatatu, na boneti yake haikuwa imefunguliwa.

Houda alilitazama kwa jicho la mtoto wa fundi. Baba yake, mzee Shaabani, alikuwa akitengeneza magari tangu kabla hajamzaa, na katika mtaa mzima wa Buyenzi, mjini Bujumbura, gari likisimama mbele ya nyumba yao watu wanajua ni gonjwa. Boneti itafunguliwa, mtu ataingia chini, patapigwa kelele za vyuma, kisha litaondoka. Hili, kwa maneno ya majirani, lilikuwa likija kila Ijumaa baada ya sala, na siku hizi lilikuja hata siku zisizo za Ijumaa. Linakuja, linakaa, linaondoka, na hakuna anayeligusa hata kwa kitambaa. Vioo vyake vilikuwa vyeusi, huoni aliyemo. Tena lilikuwa na mafuta. Mji mzima ulikuwa ukilala kwenye foleni za petroli, lakini gari lile halikukosa.

Alimuuliza shangazi yake, Asiya, aliyemlea tangu mama yake afariki. Shangazi akasema ni gari la bwana Moubarak, mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge.

"Na lina shida gani?" Houda akauliza.

"Shida ya ndani," shangazi akajibu, na akacheka bila kuonyesha meno.

Kisha akamshika Houda mkono, akauzungusha uzi mweusi kwenye kifundo chake cha mkono, akaukata kwa meno na kuufunga kwenye ncha ya kanga yake. Houda akauliza uzi ule ni wa nini. Shangazi akasema amekonda, anataka kujua amekonda kiasi gani. Houda alirudisha mkono wake. Akafikiri: wamejua. Wamejua habari za Mugisho.

Hawakuwa wamejua. Ndiyo iliyokuwa balaa yenyewe.

Mugisho alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo, aliyekimbia vita kwao, mrefu, mpole, Mkristo, amepanga chumba Kinama, kule ambako vumbi halimwachi mtu. Lakini viatu vyake vyeusi vilikuwa safi kila siku, na hakuna aliyejua anavisafishia wapi njiani. Yeye na Houda walifanya kazi katika ofisi ndogo ya Madame Gaëlle, pale Rohero, ofisi ya kutembeza wageni. Tangu petroli ipotee, wageni walikuwa wakitembezwa kwa miguu. Jumamosi ya wiki ile walikuwa wanatazamiwa Warundi waliokulia Ulaya, watu wazima waliotaka kuuona mji wa wazazi wao mchana, taratibu: bustani, nyumba za zamani, nyua zenye maua. Madame Gaëlle aliwapa Houda na Mugisho kazi ya kuipanga njia.

Waliipanga kwa wiki nyingi, na katika kuipanga wakapendana. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo. Lilionekana tu katika vitu vidogo. Kila walipotembea, Mugisho alikwenda upande wa jua, akamwachia Houda kivuli. Houda alipokuwa akiongea na wenye nyumba, Mugisho alimtazama midomo kama mtu anayejifunza kusoma. Siku moja tu, chini ya mti wa mjohoro, alimwambia anachokitaka, na Houda akamwambia naye anakitaka hichohicho. Akaahidi kwamba baada ya matembezi ya Jumamosi atamweleza baba yake mwenyewe, kwa mdomo wake.

Lakini Houda hakuwa mtu wa mdomo. Nje alisema mbele ya wageni kutoka kila nchi. Nyumbani alinyamaza. Tangu utoto alikuwa binti anayesifiwa kwa kunyamaza, na sifa hiyo ilimkaa shingoni kama kamba.

Kitu kimoja Houda alichomfundisha Mugisho kilikuwa ni neno. Mugisho alikuja Bujumbura na Kiswahili chake cha Bukavu na Kifaransa chake, Kirundi akakiokota njiani. Kwa kuwa kila kituo cha matembezi kilitegemea mwenye nyumba atafungua lango lake au hatafungua, Houda alivitaja vituo kwa malango: lango la yule mjane, lango la yule Mgiriki. "Kwa Kirundi lango ni irembo," alimwambia. Mugisho alilipenda neno hilo. Akawa analisema kila mahali, kwa sauti yake ya Bukavu, herufi ya r ikimzunguka ulimini. Irembo la kwanza, irembo la pili. Houda alicheka, hakuona ubaya wowote.

Irembo la mwisho ndilo lililowasumbua. Mwanzoni matembezi yalikuwa yaishie Kibenga, kwenye bustani moja kando ya ziwa. Ziwa likapanda likaila bustani, likabakisha viti vya saruji vikichungulia majini. Madame Gaëlle akauliza kama Buyenzi hakuna nyumba ya zamani yenye ua mzuri. Houda, kabla hajafikiri, akaitaja nyumba yao wenyewe, iliyojengwa na babu yake, yenye mkomamanga na asumini nyuma ya ukuta. Akasema atamwomba baba ruhusa. Siku zikapita. Kila jioni alikusudia kumwomba, na kila jioni alinyamaza.

Alhamisi ya wiki hiyo ndiyo waliyoiweka kwa mazoezi. Waipite njia yote wawili, kama watakavyoipita na wageni.

Walianzia Bustani ya Umma, chini ya miti mikubwa, watu wachache wamelala kwenye majani. Mugisho alikuwa na furaha isiyo ya kawaida. Alifanya kama anaongea na wageni, akainua mkono, akasema kwa sauti ya kazi na kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambacho njo ni ndiyo, "Mabibi na mabwana, hapa njo tunaanza. Mwenye kuchoka aseme mapema, tutamubeba." Houda akacheka. Alipogeuka, aliliona gari jeupe likipita barabarani polepole, likapunguza mwendo, likaendelea.

Hakusema kitu. Magari meupe ni mengi, alijiambia.

Walipita nyumba za Rohero zenye baraza pana, zilizojengwa na watu waliokwisha kuondoka, kuta zimepasuka, bougainvillea imepanda hadi juu ya bati. Houda alisimama mbele ya moja kufanya mazoezi ya maneno yake. Akaanza kusema ni nani aliyeijenga, na katikati ya sentensi akasahau. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe upande wa pili wa barabara. Injini ilikuwa inanguruma, kioo kimefungwa.

"We Houda, iko nini?" Mugisho akamuuliza.

"Hakuna."

"Una uso wa mutu aliyeona nyoka."

"Jua tu. Twende Kiriri."

Wakapanda Kiriri. Kile kilima ni kirefu kwa mtu mwenye moyo mzito. Bustani waliyoikusudia ilikuwa ya mjane mmoja mkarimu aliyewafungulia, akawaonyesha mawaridi yake, akawaacha wakae kwenye ukuta wa mawe wa chini. Kutoka pale unauona mji wote, na nyuma yake ziwa. Siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia mno, rangi ya bati kuukuu, na milima ya Kongo upande wa pili ilikuwa imefunikwa na wingu zito. Mugisho alitazama huko kwao kwa muda. Kisha akamgeukia, na macho yake yalikuwa yanameta kama ya mtu anayeficha zawadi.

"Nilikuwa nakungoja tufike hapa nikuambie. Jana nilienda kwenu."

Houda aliweka chini kikombe cha maji alichopewa na mjane. "Kwetu wapi?"

"Kwenu Buyenzi. Niliona we unaogopa kumuomba mzee, na Jumamosi njo hii. Nikasema bon, kazi ni ya wote wawili. Nikaenda mi."

Houda alimkazia macho. Akamwomba amweleze yote, neno kwa neno.

Mugisho akaeleza. Alimkuta mzee Shaabani chini ya gari, akangoja hadi alipotoka. Akamsalimia kwa heshima zote, akamwambia jina lake, akamwambia anafanya kazi pamoja na Houda. Kisha, kwa kuwa alitaka mzee ajue kwamba yeye si mgeni asiyejali, kwamba ameanza kujifunza lugha ya nchi, alilitumia lile neno.

"Nilimwambia, 'Mzee, nimekuja kuomba irembo.'"

Houda alimtazama.

"Ulisema hivyo? Kwa neno hilo?"

"Neno njo ulinifundisha. Nilisema, 'Nimekuja kuomba irembo ya nyumba hii, mi na wenzangu, Jumamosi.' Nilikosea?"

"Yeye akasema nini?"

"Alichukua kitambaa, akapangusa mikono, kidole kimoja kimoja. Akaniuliza baba yangu iko wapi. Nikasema alikufa Bukavu. Akauliza wajomba. Nikasema iko mumoja Uvira. Akauliza dini." Mugisho akatabasamu kidogo. "Nikajiuliza, bustani na dini, vinahusiana wapi? Lakini mzee akiuliza unajibu. Nikasema mi Mukristo."

"Ya Rabi," Houda akasema chini chini.

"Njo akasema, 'Irembo ya hapa imeshachukuliwa.' Nikafikiri labda ile ofisi ingine ya matembezi imetutangulia. Nikamuomba sana. Nikasema, 'Mzee, hata kidogo tu. Tutaingia, tutaangalia, tutatoka. Hatutaharibu kitu.'"

Houda alifunika uso kwa mikono yote miwili. Siku nyingine, katika maisha ya mtu mwingine, angecheka hadi machozi. Mabega yake yalitikisika, na Mugisho akadhani kweli anacheka, akaanza kucheka naye. Kisha akaona si kicheko.

"Aliangusha spana," akasema, sauti yake imeshuka. "Nilidhani imeteleza."

Houda akaondoa mikono usoni. Alijikuta anaongea taratibu sana, kama anavyoongea na wageni wasiojua lugha.

"Mugisho. Hapa Burundi mtu akienda kwa mzee mwenye binti, akasema naomba irembo, hakuna anayefikiria lango la chuma. Ni posa. Kuchukua irembo ni kuja na watu wako, mukakaa, mukasema binti wa nyumba hii ni wetu, wengine wasipite tena. Waislamu, Wakristo, wote tunasema hivyo."

Houda alimwona akilipitia lile jambo lote tena kichwani, kutoka kwenye salamu hadi kwenye spana, na rangi ikimtoka usoni kidogo kidogo.

"Basi nilikuomba," akasema.

"Uliniomba."

"Na viatu vya kazi. Bila mujomba. Mikono mitupu."

"Na ukasema ni wewe na wenzako."

Mugisho alishika kichwa. Alikaa hivyo, viwiko juu ya magoti, akitazama mawe. Alipoinua uso, macho yake hayakuwa tena na mzaha.

"Ningejua nisingeenda vile," akasema. "Lakini ningeenda."

Maneno hayo yalimwingia Houda mahali ambapo hakuna neno lililowahi kufika. Alitaka kuyashika, akae nayo pale kwenye mawaridi mpaka jua lizame. Hakuweza. Kulikuwa na neno jingine lililokuwa limekaa kati yao kama mtu wa tatu, na sasa likamgeukia yeye.

Imeshachukuliwa.

Baba yake hakuwa mtu wa kusema uongo ili kumwondoa mtu. Angemwambia Mugisho usoni: wewe si dini yetu, nenda. Alisema imeshachukuliwa kwa sababu ilikuwa imeshachukuliwa. Watu walikwisha kuja. Walikwisha kukaa barazani kwao, wakanywa chai, wakasema, wakajibiwa. Ijumaa, baada ya sala, wakati yeye yuko kazini akiwaonyesha wageni nyumba za watu wengine. Gari la mtu wa Rumonge. Boneti isiyofunguliwa. Shida ya ndani. Na ule uzi haukuwa wa kupima kukonda. Ulikuwa wa kupelekewa sonara, apate kipimo cha bangili za harusi.

"Nani alichukua?" Mugisho akauliza. Sasa naye alikuwa anafika palepale.

Kabla Houda hajajibu, simu yake ikalia. Alikuwa shangazi. Sauti yake ilikuwa tamu kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Alisema, "Mwanangu, njoo nyumbani. Usikimbie, usijichoshe. Iko wageni wazuri, na baba yako amefunga kazi." Alipouliza wageni gani, shangazi alisema atawaona. Walikuwa waje Jumapili, lakini baba yake ameona tangu jana kwamba si vizuri kuchelewa.

Tangu jana. Houda akakata simu. Hakuhitaji kueleza, Mugisho alikuwa amesikia.

"Mi njo nimeharakisha," akasema.

"Si wewe. Ni mimi niliyenyamaza."

Mugisho akasimama. Alisema kwa haraka, nusu Kiswahili nusu Kifaransa, kwamba wasishuke. Iko Irène, dada wa kanisani kwake Kinama, mama mwenye watoto na nyumba ya heshima, Houda angekaa kwake hadi mzee apoe. Kesho wangeleta mjomba wa Uvira, wangeleta watu, wangefanya inavyotakiwa. Alisema mengi. Houda alimsikiliza huku akimtazama, akijilazimisha kukumbuka kila kitu: kovu dogo chini ya kidevu, kola ya shati iliyonyooshwa, jinsi mikono yake ilivyokuwa ikiomba kabla ya mdomo.

"Nisipokwenda, watasema nimekubali," akamwambia. "Kwetu binti akiulizwa akinyamaza, amesema ndiyo. Shangazi yangu aliolewa hivyo. Aliinamisha kichwa, wakapiga vigelegele. Nisipokuwepo kabisa, nani atasema kwamba sikuinama?"

"Na ukienda, utasema?"

Houda akainuka ukutani.

Walishuka Kiriri kwa njia ileile waliyokuwa wameipanga. Hawakuichagua, miguu ilikuwa imeizoea. Walipita Quartier Asiatique, kwenye nyumba za maduka zenye maua ya saruji juu ya milango, pale ambapo Houda alikusudia kuwaeleza wageni habari za Wahindi na Waarabu wa zamani. Hakueleza kitu. Mugisho alitembea upande wa jua. Mara moja mgongo wa mkono wake uligusa mgongo wa mkono wa Houda, mchana kweupe, mbele za watu, na hakuna aliyeondoa wake. Nyuma yao, mbali kidogo, injini ilikuwa ikinguruma kwa upole. Houda hakugeuka. Alishajua.

Buyenzi iliwapokea kwa ukimya. Ile ni mitaa ya kelele, nyundo na redio na watu wanaobishana bei, lakini siku hiyo mafundi wa jirani waliwatazama wakipita na kuinamia kazi zao. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitumbua alimwambia Houda "Mashallah," kisha akamwona Mugisho, na mdomo ukamfunga.

Lango la nyumba lilikuwa wazi, mabawa yote mawili ya bati. Siku za kawaida hufunguliwa kijilango kidogo tu. Mlangoni barazani kulikuwa na viatu vya wanaume, vimepangwa, vimegeuzwa kuelekea nje. Gari jeupe likawapita polepole, likasimama mahali pake pa kila siku, injini ikazimwa. Hakuna aliyeshuka. Bwana harusi hakai na wajomba wakati wa kuulizia. Anangoja.

Shangazi Asiya alikuja mbio na kanga mpya mikononi, akamfunika Houda mabegani, akamvuta ndani ya ua. Kwa Mugisho alisema kwa adabu, "Asante kumusindikiza mutoto wetu, bwana. Mwisho ni hapa."

Mzee Shaabani alitokea barazani. Alikuwa amevaa kanzu, amenawa, lakini oili haitoki kwenye kucha za fundi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa, na hofu ya baba inaweza kufanya kazi kubwa kuliko ubaya. Alisimama kati ya binti yake na lango.

"Nilikujibu jana," akamwambia Mugisho.

Mugisho hakurudi nyuma. Viatu vyake vilikuwa palepale kwenye mstari wa lango, havijavuka.

"Ulinijibu, mzee. Lakini jana niliomba kitu nisichokijua. Leo nakijua." Akameza mate. "Naomba irembo."

Kule barazani mtu aliacha kukoroga chai. Mzee Shaabani alimtazama kijana yule kuanzia kichwani hadi miguuni, na kwa kitambo kidogo Houda aliona kitu kikipita usoni mwa baba yake, kitu kilichofanana na heshima. Kisha kikazimika.

"Mutu amepanga chumba Kinama," mzee akasema, bila kupandisha sauti. "Leo iko hapa, kesho vita ikiisha anarudi kwao, ama inamufuata anakimbilia kwingine. Irembo yako mwenyewe iko wapi, we unayeomba ya wengine?"

Ilikuwa kweli. Mzee alisukuma bawa moja la lango, kisha la pili. Houda alimwona Mugisho akiwa mwembamba, mwembamba zaidi, hadi akawa mstari, na komeo likaingia.

Wakamweka chumbani mwa shangazi, chenye dirisha la uani. Pazia likateremshwa mlangoni. Shangazi akakaa nyuma ya Houda, mkono begani, kidole gumba kikimbonyeza kwa wema. Akamnong'oneza kwamba asiogope, hakuna cha kusema, anainamisha kichwa tu. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Alisema na yeye siku yake alilia, na tazama, hakufa.

Nyuma ya pazia shehe aliyekuja kuuliza ridhaa akakohoa. Akamtaja Moubarak, akamtaja baba yake, akasema mambo mazuri ya ndoa. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekwisha kuuliza swali hili mara nyingi na hajawahi kusubiri jibu.

"Binti Houda, umeridhia?"

Houda alitazama dirishani. Aliuona mkomamanga, asumini, na lango. Chini ya lango, pale ambapo bati halifiki chini, palikuwa na ufa wa mwanga, na ndani ya mwanga ule palikuwa na viatu viwili vyeusi, safi, vimesimama.

Kimya kilikuwa kinajaa chumbani kama maji. Alikijua kimya kile. Alikuwa amelelewa ndani yake. Alimsikia shangazi akivuta pumzi, tayari kwa kigelegele. Kidole gumba kikamsukuma kichwa kidogo, mbele, chini. Shehe tayari alikuwa anaanza kusema alhamdulillahi.

"Apana," Houda akasema.

Ilitoka ndogo, mbaya, kama sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo akairudia, kwa sauti yake ya kazi, ile ya kusikika hadi mgeni wa mwisho kwenye mstari.

"Apana. Sijaridhia."

Kidole gumba kiliondoka kichwani. Barazani hakuna aliyesogea. Kisha baba yake akauliza, kama kiziwi, amesema nini, na shehe akajibu kwa huzuni kwamba binti amesema hapana, na hapana ikisemwa mbele yake hawezi kuipita.

Houda aliinua kichwa, akanyoosha shingo. 

"Hakusikia swali vizuri," mzee Shaabani akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Amepigwa na jua. Ataulizwa tena kesho. Na kesho kutwa. Mpaka hapo irembo hii isifunguliwe, si kwa kazi, si kwa duka, si kwa wageni wa Ulaya."

Alisikia mnyororo ukipitishwa kwenye komeo, na kufuli.

Ndipo sauti ikatoka nje ya ukuta. Ilikuwa ya juu, ya wazi, ya mtu anayewatembeza wageni mchana. Ilitetemeka kidogo mwanzoni, kisha ikanyooka.

"Mabibi na mabwana, hii njo irembo ya mwisho. Hapa njo tunasimama. Hatuendi fasi ingine, hatuendi popote."

Shangazi Asiya alianza kulia kimyakimya, na haikujulikana anamlilia nani. Barazani mjomba mmoja wa Rumonge alitoa simu, akampigia aliyekuwa garini, akasema maneno machache, akaikata.

Huko nje gari jeupe likawashwa.

Houda aliinuka akaenda dirishani. Alingoja lisikike likiondoka. Halikuondoka. Lilikuwa linageukia lango, taratibu, kwa subira, na kivuli chake kikaanza kuingia katika ufa wa mwanga chini ya lango, kutoka upande mmoja, kikiila nuru kidogo kidogo, hadi kikavigusa viatu.

Viatu havikusogea.